Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuzungumza na Mtoto Anayesomea Nyumbani, Kuyaandika Anayosema na Kuyageuza Somo

Wazazi wanaofundisha watoto wao nyumbani huniuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mmoja husema mwanawe ni msemaji hodari akiwa na wenzake, lakini akikalishwa na mama yake huwa bubu. Mwingine alinunua daftari la kuandikia maneno ya watoto, akaandika siku mbili, siku ya tatu daftari likapotelea chini ya kochi. Wa tatu, na wa aina hii ndio wengi, huuliza kila jioni, "Leo umejifunza nini?" na kila jioni hujibiwa, "Hakuna."

Nimewafundisha watoto wangu watatu nyumbani, hapa Mombasa, kwa miaka saba sasa. Binti mkubwa ana miaka 12, wa kati ni mvulana wa miaka 9, na kitinda mimba ametimiza 5. Daftari letu la kwanza lilijaa zamani na sasa tuko kwenye la nne.

Mwongozo huu ni wa kazi moja tu: kumpa mtoto nafasi aseme anachofikiri kweli, kukishika kabla hakijapotea, na kukitumia kama somo. Masuala ya sheria, mitihani na ofisi za elimu sitayagusa.

## Vifaa

Daftari moja lenye jalada gumu, kurasa 200 hivi. Liwe moja kwa nyumba nzima. Mazungumzo mazuri huwa ya watoto wawili au watatu kwa pamoja, na ukigawa madaftari utakuwa unatafuta la nani huku maneno yanapotea.

Penseli mbili zilizofungwa kwa uzi kwenye daftari. Bila uzi zitahama siku hiyohiyo.

Kopo tupu la maziwa ya unga na vikaratasi. Ni la maswali yanayokuja wakati chungu kinafurika.

Saa ya ukutani ya mishale, kamusi ya Kiswahili, ramani ya dunia ya kubandika ukutani.

Fimbo iliyonyooka ya mita 1, kamba na chaki. Kazi yake utaiona Hatua ya 7.

Simu usiitumie kurekodi. Mtoto akiona simu imeinuliwa huanza kuigiza, na atarudia kilichochekesha jana badala ya kusema kilichomjia leo. Tena hutapata wakati wa kukaa kusikiliza saa tatu za sauti ili kutafuta sentensi moja.

## Hatua ya 1: Tafuta kazi ya mikono

Mtoto anayetazamwa usoni na mtu mzima anayesubiri jibu hufunga mdomo. Mpe kazi mikononi, macho yake yawe kwingine, na utamsikia.

Kwetu, nyakati mbili zimezaa karibu kurasa zote za daftari. Ya kwanza ni asubuhi tukichambua mchele au kukuna nazi, mmoja amekalia mbuzi, mwingine anapokea machicha, nami nachuja tui. Ya pili ni jioni tukirudi kutoka Marikiti kwa miguu, kila mtu na mfuko wake.

Chagua nyakati zako mbili, kisha usizihamishe kwa wiki tatu. Mtoto anahitaji muda wa kuamini kwamba saa hiyo Mama au Baba hana haraka. Zima redio na televisheni.

Tahadhari: usichague chakula cha usiku. Wadogo wanasinzia juu ya wali, na baba ndiyo kwanza ameingia, naye ana yake ya kusimulia.

Utajua umefaulu mtoto akianza kuzungumza yeye kabla hujauliza lolote. Kwetu ilikuwa siku ya tano.

## Hatua ya 2: Badilisha swali

"Leo umejifunza nini?" linaweza kumfaa mtoto anayerudi kutoka shule, kwa kuwa huko darasani wewe hukuwepo na ana habari ya kukuletea. Mtoto wako ulikuwa naye tangu asubuhi. Ni wewe uliyemfundisha, jibu unalo, naye anajua unalo. Akikwambia "hakuna" anakwambia ukweli: hana jipya la kukupa.

Uliza kitu ambacho yeye peke yake ndiye anayekijua. Maswali yaliyonifaa zaidi ni haya:

- "Kipi leo kimekataa kuingia kichwani?"
- "Kuna neno nililosema hukulielewa, ukaninyamazia?"
- "Ungekuwa wewe ndiye mwalimu, ungeanzia wapi?"

Au sema jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui, kisha nyamaza. Lakini usijifanye hujui unachokijua. Hata mtoto wa miaka 6 huutambua mtego huo, na akishautambua hatakuamini siku utakapouliza kweli.

Kwa wadogo, kitendawili hufungua mdomo kuliko swali lolote. Ukisema "Kitendawili!" mtoto hawezi kujizuia, lazima aseme "Tega!" Nilimtegea kitinda mimba kile kinachojulikana na wote, *nyumba yangu haina mlango*, nikisubiri aseme yai.

"Tumbo lako, Mama, kabla sijazaliwa."

"Basi wewe ulitokaje?"

"Nilipiga hodi kwa ndani."

Nikamwambia jibu ni yai, kwa hiyo anipe mji. Alikataa katakata. "Sikupi mji. Jibu langu pia ni kweli." Nikalitazama jibu lake upya, na kweli lilikuwa kweli. Tangu siku hiyo sheria ya nyumbani kwetu ni kwamba mji hautolewi mpaka aliyetega aeleze kwa nini jibu la mwenzake halifai. Sheria hiyo moja imewafundisha watoto wangu kujenga hoja kuliko zoezi lolote nililowahi kuwapangia.

## Hatua ya 3: Nyamaza

Hii ndiyo hatua inayowashinda wazazi wengi, na iliyonishinda mimi kwa muda mrefu zaidi.

Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alipima katika miaka ya 1970 muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali. Akakuta ni kama sekunde 1. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kujibu. Sisi wazazi tuna nafasi ambayo mwalimu mwenye wanafunzi 50 hana, kwa hiyo subiri zaidi. Hesabu mpaka 10 moyoni huku mikono yako ikiendelea na kazi. Usimtazame.

Subiri hivyohivyo baada ya mtoto *kumaliza* kusema. Sentensi ya kwanza mara nyingi ni ya kupima kama unasikiliza. Fikra yenyewe huja nyuma yake.

Siku moja tulipita mbele ya Fort Jesus, na wa kati, akiwa na miaka 7, akauliza, "Kama ni ngome ya Yesu, mbona ina mizinga?"

Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni: Wareno, mwaka 1593, biashara ya Bahari ya Hindi. Nikalimeza. Nikahesabu. Tulikuwa tumeshafika kwenye kona aliposema:

"Labda Yesu mwenyewe hawakumwuliza."

Kama ningemjibu pale pale angepata tarehe moja na kuisahau kabla ya Ijumaa. Badala yake tulipata swali la wiki mbili: nani ana haki ya kuita mahali jina? Tukayachunguza majina ya mji wetu mmoja mmoja. Kilindini, kwa kuwa pana kilindi, maji ya kina. Likoni, kwa kuwa pana liko, mahali pa vyombo kutia nanga na watu kushukia. Majina hayo waliyatoa watu waliokuwa wakipatumia. Kisha tukarudi kwenye ngome. Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuitwaa 1698, lakini jina la Wareno likabaki. "Wamechukua nyumba na wakaacha kibao mlangoni," akasema dada yake. Tarehe zile zote mbili wanazikumbuka mpaka leo, nami sikuwakaririsha.

Utajua umefaulu ukianza kusikia "halafu…" na "lakini…" baada ya kimya, bila wewe kuuliza chochote.

## Hatua ya 4: Kichunge kicheko chako

Watoto huchekesha, na nyumba isiyo na kicheko si nyumba ya kusomea. Lakini mtoto hutofautisha upesi sana kati ya kuchekwa na kucheka pamoja na wenzake.

Wa kati alipokuwa na miaka 6 tulikuwa tunazungumzia vita. Akauliza, kwa uso mkavu kabisa: "Vita ikiwa moja tu, ni *kita*?" Tukaangua kicheko, mimi, baba yake na dada yake. Yeye hakucheka. Hakuuliza swali lingine kuhusu lugha kwa karibu mwezi mzima, na kila nikikumbuka mwezi huo naumia.

Kanuni niliyojiwekea tangu hapo ni hii. Mtoto akisema kitu cha kuchekesha, angalia uso wake kwanza. Kama anatabasamu, cheka naye. Kama ana uso wa kazi, yuko kazini: jibu kama unavyomjibu mtu mzima. Ukizidiwa na kicheko kikakutoka, sema haraka sababu: "Nimefurahi, sikuwahi kulifikiria hilo." Kisha lijibu swali lake kwa uzito wote.

Wafundishe na ndugu zake, kwa maana kicheko cha dada mkubwa huuma kuliko cha mama.

## Hatua ya 5: Andika maneno yenyewe, ndani ya dakika 10

Ukisubiri usiku utaandika maneno yako, si yake. Kumbukumbu ya mtu mzima husahihisha sarufi, hufupisha, na hutupa kile cha ajabu ambacho ndicho kilichokuwa na thamani.

Hivi ndivyo wengi wanavyoandika:

*Leo mtoto alisema kitu cha kuchekesha kuhusu saa.*

Baada ya mwezi sentensi hiyo haikwambii chochote. Hivi ndivyo inavyotakiwa:

*Jumanne. Kitinda mimba, miaka 4 na miezi 10. Tunachambua mchele.*
*Yeye: Mama, mshale mdogo uko kwenye moja, nawe wasema saa saba. Mwongo ni nani?*
*Mimi: Wewe waonaje?*
*Yeye: Saa haina mdomo.*

Mambo manne hayakosekani: siku, umri wa mtoto kwa miaka na miezi, kazi mliyokuwa mnafanya, na maneno kama yalivyotoka. Umri wa miezi ni muhimu kwa sababu mtoto mdogo hubadilika kwa miezi. Kazi mliyokuwa mkifanya itakuonyesha baadaye ni wapi hasa anapofunguka.

Usimsahihishe ndani ya daftari. Akichanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja, andika mchanganyiko huohuo.

Kisha tia herufi moja pembeni. Mimi hutumia S kwa swali linaloweza kuchunguzwa, N kwa neno au kanuni aliyoijenga mwenyewe, na M kwa jambo la moyo. Herufi hizi ndizo zitakazokuongoza hatua zinazofuata.

Tahadhari: usiandike mbele yake huku anasema. Mwache amalize, endelea na kazi kidogo, kisha nenda kwenye daftari. Mstari mmoja au miwili inatosha. Wanaojaribu kuandika kila kitu ndio wanaoacha siku ya tatu.

## Hatua ya 6: Rudisha swali moja tu

Ukirudisha moja, ni mazungumzo. Ukirudisha matatu mfululizo, umeanzisha mtihani, na mtoto ataomba ruhusa ya kwenda chooni.

Yanayofaa kurudishwa ni machache: "Wewe waonaje?" kwa mtoto mwenye jibu lililojificha, "Umejuaje?" kwa mtoto aliyesema kwa uhakika mno, na "Tutajuaje?" kwa jambo linaloweza kupimwa. Hili la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana humtoa mtoto kwenye kubahatisha na kumpeleka kwenye kutafuta.

Tulikuwa ufukweni Nyali, bahari imekupwa, miamba yote imeanikwa. Kitinda mimba akauliza maji yamekwenda wapi. Kaka yake akajibu kwa niaba yangu: "Yameazimwa ng'ambo. Yatarudishwa jioni."

"Tutajuaje?"

"Tumpigie shangazi Maskati, tumwulize kama kwao yamejaa."

Tukampigia. Shangazi alikuwa kazini, na dirisha lake linatazama barabara, bahari haioni. Lakini kijana alikuwa ameshafanya kazi ya mwanasayansi: amekisia, amesema ni ushahidi gani utakaomwonyesha kama kisio lake ni sawa, na amejua wa kumwuliza. Wala kisio lake halikuwa mbali na ukweli. Maji yanapokupwa kwetu, kuna pwani nyingine duniani ambako yamejaa.

## Hatua ya 7: Geuza herufi S na N kuwa somo la wiki

Chagua swali moja kwa wiki. Moja tu. Weka pembeni sura iliyokuwa inafuata kwenye kitabu, kitabu hakitahama. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barua nyingi ninazopata huishia na neno "sawa, nimeyaandika, sasa nifanye nini?"

### Mfano wa kwanza: mwongo ni nani, saa au Mama?

Simika ile fimbo ya mita 1 uani, mahali pasipo na kivuli cha ukuta wala mti. Kuanzia saa 2 asubuhi, kila saa, mtoto atie alama ya chaki kwenye ncha ya kivuli na aandike saa kwa namna zote mbili, ya mdomoni na ya mshale. Endeleeni mpaka saa 10 jioni.

Kivuli kitafupika, kitafika ufupi wake wa mwisho, kisha kirefuke upande wa pili. Hapa Mombasa ufupi huo huangukia kati ya saa 6 na dakika 5 na saa 6 na dakika 35 hivi mchana, kutegemea mwezi. Ukifanya jaribio hili karibu na tarehe 10 Machi au mwanzoni mwa Oktoba, jua hupita utosini na kivuli karibu hupotea kabisa. Watoto wangu walipiga kelele majirani wakatoka nje.

Kisha ulizeni jua lilichomoza saa ngapi. Pwani yetu huchomoza karibu na saa 12 mwaka mzima, likichelewa sana ni nusu saa. Ikipita saa moja baada ya hapo, tunasema saa moja. Ikipita saba, saa saba. Kitinda mimba alikaa kimya muda mrefu mbele ya alama zake za chaki, kisha akatoa hukumu:

"Hakuna mwongo. Saa ya ukutani huanza kuhesabu watu wamelala. Sisi twaanza tukiamka."

Tahadhari: mwonye mtoto asilitazame jua lenyewe hata mara moja. Tunatazama chini, kwenye kivuli.

### Mfano wa pili: kita

Swali la *kita* nililirudia baada ya ule mwezi wa kimya, kwa kuwa nilikuwa nadaiwa. Nikaandika ubaoni: kiti, viti, kikombe, vikombe, kisu, visu. Nikamwambia, "Uliifuata kanuni hii. Hakuna aliyekufundisha, uliisikia mwenyewe."

Kisha nikaandika *kitabu, vitabu*. Neno hili limetoka Kiarabu, *kitab*, na Waarabu wenyewe wakiwa na vingi husema *kutub*. Ile *ki* ya mwanzo haikuwa kiambishi hata kidogo. Waswahili waliisikia, wakaichukulia kama ya kiti na kisu, wakasema vitabu. Tanzania wana *kiplefti*, yaani mzunguko wa barabarani, kutoka maneno ya Kiingereza *keep left* yanayomwambia dereva ashike kushoto, na vikiwa vingi huitwa *viplefti*. *Madigadi* ya gari, kutoka Kiingereza *mudguard*, nayo ni hivyohivyo kwa upande wa *ma*: ikabaki *digadi* moja, kana kwamba neno lilizaliwa kwetu.

Aliyatazama maneno kwa muda. "Kwa hiyo wao walifanya kama mimi?"

"Kama wewe kabisa."

"Ila wao walikuwa wengi, mimi nilikuwa peke yangu."

Sijapata kusikia maelezo mazuri zaidi ya jinsi kosa linavyogeuka kuwa lugha. Mpe mtoto kamusi, atafute maneno mengine matano ya namna hiyo. Ikiwa mtoto wako ana kosa lake la ngeli, lichunguze kabla hujalisahihisha: karibu kila mara utakuta kanuni chini yake. Mwambie kwanza kanuni aliyoifuata, ndipo umwambie kwamba neno hili haliifuati.

### Mfano wa tatu: maji yaliyoazimwa

Chagueni ukuta au nguzo inayofikiwa na maji. Kwa siku nne, nendeni kabla maji hayajajaa, mtie alama ya chaki mahali yalipofika juu kabisa, na mwandike saa. Chaki ikioshwa, fungeni kamba.

Mtoto atagundua kwamba kila siku maji yanajaa karibu dakika 50 baadaye kuliko jana. Wa kati alidhani tumechelewa sisi. Siku ya tatu akakubali kwamba bahari ina saa yake. Hapo ndipo mahali pa kumwuliza mvuvi. Mpeleke mtoto mwenyewe, aamkie "Shikamoo", aulize kwa mdomo wake. Tuliyemwuliza sisi alimweleza bamvua na maji mafu vizuri kuliko kitabu chochote nilichonacho: mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, katikati yake huwa maji mafu. Binti mkubwa akachora mwezi kila usiku kwa wiki nne, chini yake akaandika urefu wa alama.

Tahadhari: usimwache mtoto juu ya mwamba maji yakianza kujaa, na usigeuze mgongo kwa ajili ya kuandika. Daftari libaki nyumbani, beba kikaratasi.

Mengine ni mepesi na hayahitaji wiki. Watoto wakigombania "nusu kubwa" ya hamri, mpe mmoja kisu akate na mwingine achague kwanza. Somo la sehemu limekwisha kabla mbaazi hazijapoa.

Utajua umefaulu mtoto akirudi na swali la pili linalotokana na la kwanza. Kama amejibu tu na kuondoka, swali halikuwa lake, lilikuwa lako. Rudi kwenye daftari uchague jingine.

## Hatua ya 8: Herufi M huifundishi

Wiki tatu baada ya babu yao kuzikwa, kitinda mimba alichukua simu yangu akabonyeza namba yake. Ilikuwa bado haijakatwa.

"Mama, simu ya Babu inaita. Nani ataipokea?"

Ningeweza kumweleza jinsi laini ya simu inavyofanya kazi. Ningeweza kumpa somo la mauti kwa maneno ya kitabu. Nilikaa chini, nikampakata, tukasikiliza pamoja mpaka ikaacha kuita. Akasema, "Basi amelala." Jioni niliandika maneno hayo na herufi M, na sijayarudia mbele yake.

Maneno ya aina hii ukiyageuza zoezi, mtoto atajifunza kwamba kila anachokupa kutoka moyoni kitarudi kwake kama kazi ya darasani. Yajibu kwa kukaa naye. Akiuliza swali la moja kwa moja kuhusu kifo, ugonjwa au ugomvi wa wakubwa, mjibu kwa sentensi fupi ya kweli, kisha ngoja aulize zaidi kama anataka. Penseli iache mahali pake.

## Hatua ya 9: Someni pamoja, na mwenye maneno awe na rungu

Kila Ijumaa usiku, soma kurasa za wiki kwa sauti. Kabla ya kusoma mstari wowote, mwulize aliyesema: "Nisome?" Akikataa, ruka. Akitaka ufutwe, mpe kifutio. Watoto wangu wamefuta mistari minane katika miaka saba. Mingine niliipenda sana, lakini haikuwa yangu.

Kanuni hiyohiyo inahusu kundi la ukoo kwenye WhatsApp na mtandao mwingine wowote. Usitume maneno ya mtoto bila kumwuliza, hata kama yatawafurahisha mashangazi. Aliyeyasema akiwa na miaka 5 atakuwa na miaka 15, na maneno yatakuwa bado yako huko. Akikubali, msomee kwanza ujumbe wenyewe kabla ya kuutuma. Haya ninayoyaandika hapa wameyasikia na kuyakubali, ukiondoa la simu ya Babu: hilo niliwauliza ndugu zake wawili wakubwa, na kitinda mimba, bila kumrudia maneno yake, akasema niliandike ili watu wajue babu yake alikuwa na simu.

Kila baada ya miezi mitatu, rudini nyuma. Msomee mtoto alichoamini wakati ule, umwulize kama bado anakiamini. Hapa ndipo utakapoyaona maendeleo ambayo hayaonekani kwenye alama za mtihani.

## Ukikwama

Mkubwa anawajibia wadogo. Mpe kazi ya mwandishi. Anayeandika hawezi kujibu, na atagundua kwamba maneno ya mdogo wake yana uzito.

Mtoto anatunga vichekesho ili aandikwe. Hii hutokea karibu wiki ya pili. Cheka naye, usiandike. Endelea kuandika maswali yake ya kweli, ataona tofauti mwenyewe.

Mtoto ni mkimya kwa tabia. Usimlazimishe kusema. Mwekee daftari wazi na penseli usiku, uandike wewe mstari mmoja wa jambo usilolielewa. Wa kwangu mkubwa, ambaye ndiye mkimya, alianza kunijibu kwa maandishi baada ya siku kumi.

Umesahau wiki nzima. Usijaribu kukumbuka yaliyopita. Andika tarehe ya leo na uendelee.

Maswali ni mengi kuliko nafasi yako. Andika kila moja kwenye kikaratasi pamoja na jina la aliyeuliza, litie koponi mbele ya macho yake. Jumapili mtoto achomoe moja bila kuchungulia. Likiwa halimvutii tena, alichane. Likiwa linamvutia, ndilo somo la Jumatatu.